Mtoto ana kivuli kifuani: eksrei, ultrasaundi, siti skani au MRI, tuanzie wapi sisi wa kusini?

Kuna bibi alikuja na mjukuu wake wa miaka 3 kutokea Tandahimba, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, na mkononi kashika rambo nyeusi ina filamu 3 za eksrei zimekunjwa kama gazeti. Nikamwambia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijamuuliza chochote akaanza mwenyewe: "Wameniambia nimonia, hii mara ya nne sasa, sindano kamaliza, mimi nimechoka mwanangu, naomba mnipigie ile mashine kubwa ya kumuingiza mtoto ndani kama mkate."

Mimi ni mtu wa eksrei, nimefanya kazi hii huku Mtwara na Lindi miaka ya kutosha, na swali la yule bibi naulizwa karibu kila wiki, na wazazi na hata na maklinisheni wa zahanati wanaonipigia simu usiku. Mashine kubwa ipi? Siti skani ni bora kuliko eksrei? MRI si ndo mwisho wa yote? Tumpeleke moja kwa moja Dar? Basi nimeona niandike ulinganisho wote hapa, niseme kila kipimo kinaona nini na kinashindwa wapi kwenye kifua cha mtoto, hasa tukiwa na wasiwasi kwamba huenda ni uvimbe, ili mzazi asiuze korosho zake kangomba, yaani kwa bei ya kutupa kwa walanguzi, kwa ajili ya kipimo ambacho hakitajibu swali lake.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Uvimbe unaoanzia kwenye mapafu yenyewe ya mtoto ni kitu adimu sana. Kati ya watoto 100 watakaokuja na kivuli kwenye picha ya kifua huku kwetu (kivuli ni ule weupe unaokaa mahali ambapo pafu lenye hewa lingekuwa jeusi), karibu wote watakuwa na nimonia, kifua kikuu, maji, au kitu wamemeza kikaenda njia ya hewa. Na hata ukikuta uvimbe wa kweli kwenye pafu la mtoto, mara nyingi umetoka sehemu nyingine ya mwili, kama saratani ya figo ile inayoitwa Wilms au ya mfupa, umesafiri na damu ukatua kifuani. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote mvue mtoto nguo, umshike tumbo taratibu pande zote mbili, uangalie na miguu. Hii haina bei na nimeshaona imerukwa, mtoto kaja na rufaa ya kifua kumbe figo la kushoto limejaa mkono.

Halafu kuna wale adimu wenyewe, na hapo kuna jina moja nataka mlijue: plyuropalmonari blastoma, madaktari wanaandika PPB. Ndo saratani ya pafu inayowapata zaidi watoto wadogo, wale ambao hata shule hawajaanza. Imeelezwa rasmi mwaka 1988, na rejista yake ya dunia nzima iko Minnesota kule Marekani tangu 1987. Inakuja kwa hatua: aina ya kwanza ni mapovu ya hewa tu ndani ya pafu, ya pili mapovu yamechanganyika na nyama, ya tatu ni donge la nyama tupu. Ripoti ya rejista hiyo ya mwaka 2015 inaonyesha aina ya kwanza hugunduliwa mtoto akiwa na miezi kama 8, ya pili miezi 35, ya tatu miezi 41, na waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 91 kwa aina ya kwanza, 71 kwa ya pili na 53 kwa ya tatu. Zisome tena hizo namba. Kila tunavyomrudisha mtoto nyumbani na chupa ya dawa bila kuangalia picha vizuri, tunamtoa kwenye 91 tunampeleka kwenye 53.

EKSREI

Huyu ndo baba wa vipimo vyote na nitamtetea hadi mwisho. Iko hospitali ya Ligula pale Mtwara, iko Sokoine pale Lindi, iko Ndanda, iko Nyangao, na hospitali nyingi za wilaya zinayo. Ni dakika 2. Mionzi yake ni kidogo mno, kwa picha moja ya kifua cha mtoto haifiki hata milisiveti 0.1 (milisiveti ndo kizio cha kupimia mionzi), wakati mionzi ya asili tu, ile ya ardhini na angani ambayo kila binadamu anaipata bila kwenda hospitali, ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Yaani ni mionzi ya siku chache tu za kuishi kawaida. Kwa hiyo mama asiyetaka mwanae apigwe eksrei kwa kuogopa mionzi, mama yangu, hapo hofu imezidi ukubwa wa kitu.

Inaona nini? Inaona kuna kivuli au hakuna, kiko upande gani, moyo umesukumwa au uko pale pale, kuna hewa imetoka nje ya pafu au hapana. Inachoshindwa ni kutofautisha, mana nyama, maji na usaha vyote kwenye eksrei ni weupe uleule. Na kwa watoto ina mitego yake. Mtoto mchanga ana tezi ya thaimasi mbele ya moyo, kubwa, pembeni imechongoka kama tanga la ngalawa, na mtu asiyezoea picha za watoto anaandika "uvimbe kifuani", familia inalia usiku kucha kwa kitu ambacho Mungu kamuumba nacho kila mtoto. Mtego mwingine ni nimonia ya mviringo, wanaipata zaidi watoto wa chini ya miaka 8, inakaa kama mpira kabisa kwenye picha, ukiiona unaapa ni donge, halafu unampa dawa, unarudia picha baada ya wiki 4 hadi 6, imeyeyuka yote.

Na hapo ndo nguvu ya eksrei ilipo, kwenye KURUDIA NA KULINGANISHA. Picha moja inakupa kivuli, picha mbili zilizopishana wiki 6 zinakupa tabia ya kivuli. Zile filamu 3 za yule bibi nilizikunjua nikazibandika kwenye boksi la taa kwa mpangilio wa tarehe, ya Februari, ya Mei, ya Agosti. Kila moja peke yake ilikuwa imeandikwa nimonia na kusema kweli kila moja peke yake inafanana na nimonia. Lakini zikikaa pamoja kivuli kiko palepale, chini kulia, Februari kinagusa ubavu wa tisa, Mei kimepanda, Agosti kimeshakula nusu ya pafu na moyo umeanza kusogezwa kushoto. Hakuna hata siku moja katikati ambapo pafu lilirudi jeusi safi. Nimonia ya kweli inapona halafu inarudi, na mara nyingi ikirudi haing'ang'anii sehemu ileile kama mpangaji. Hakuna aliyewahi kuziweka zile filamu pamoja mana kila kituo kilimpa yake na kila kituo kilianza upya.

Kwa hiyo ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, jibu ni eksrei, tena mbili, moja sasa na nyingine baada ya dawa kuisha. Na zitunze. Wengine siku hizi hawapewi filamu, wanaonyeshwa tu kwenye kompyuta ya daktari. Omba wakuwekee kwenye sidii, au hata upige kwa simu vizuri na tarehe ionekane.

ULTRASAUNDI

Watu wanajua ultrasaundi ni ya wajawazito, ukimwambia mzazi tunampiga mtoto ultrasaundi ya kifua anakushangaa. Na ni kweli kwamba pafu lenye afya haliangaliki kwa ultrasaundi, hewa inarudisha sauti yote, unaona ukungu tu. Lakini pafu likishajaa kitu, hewa imeondoka, mlango umefunguka, na sasa ultrasaundi inajibu swali ambalo eksrei haiwezi kabisa: huu weupe ni maji au ni nyama?

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Nusu ya kifua ikiwa nyeupe yote kwenye eksrei, mkono wa daktari unawashwa kuchoma sindano atoe maji. Nimeshuhudia mahali fulani, sipataji jina, mtoto amewekewa mrija wa kifua kwa sababu picha ilikuwa nyeupe, hakuna aliyepitisha ultrasaundi ingawa mashine ilikuwa chumba cha pili, na kilichotoka ni damu mbichi, mana mrija umeingia ndani ya donge. Mara nyingine ni kinyume chake, pafu lina povu kubwa la hewa la PPB aina ya kwanza, eksrei inaonekana nyeusi kama hewa imetoka nje ya pafu, mrija unachomwa ndani ya povu. Hilo la pili ultrasaundi haikusaidii sana, hapo kama mtoto hajabanwa pumzi ni bora siti skani kwanza. Ila la kwanza, ultrasaundi ya dakika 10 ingemuokoa yule mtoto kabisa.

Haina mionzi, haihitaji mtoto alale kimya, anaweza kuwa ananyonya mapajani kwa mama ukaendelea na kazi. Ukishaishika hiyo probu, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa mwilini, usiishie kifuani, shuka tumboni uangalie figo zote mbili na ini. Figo kwanza kwa ajili ya Wilms niliyoisema, pili kwa sababu watoto wa PPB baadhi yao wana mapovu pia kwenye figo, ni jini ileile, yaani kipande cha urithi ndani ya seli, inaitwa DICER1, iligunduliwa kuhusika mwaka 2009. Na kwa kichanga mwenye lile tanga la ngalawa, ultrasaundi inaonyesha thaimasi laini inayobonyea moyo ukipiga, mama anarudi nyumbani Mikindani na amani yake.

Udhaifu wake ni mtu. Eksrei mbaya mwingine anaweza kuitazama kesho akaisoma upya, lakini ultrasaundi inaishi mkononi mwa aliyepiga, akiwa hajazoea kifua cha mtoto ndo imeisha hivyo. Uliza tu kwa upole, dokta, huwa unapiga kifua cha watoto? Hakuna tusi hapo.

SITI SKANI

Hii ndo "mashine ya kuingia kama mkate" aliyoitaka bibi. Na kwa mtoto wake alikuwa sahihi, ila baada ya eksrei na ultrasaundi kumaliza kazi yao. Kwa huku kwetu unaipata Mtwara, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na hii kwa watu wa kusini ni kitu kikubwa, mana wengi tunakumbuka enzi za kumpandisha mtoto basi usiku kwenda Dar zaidi ya kilomita 550 kwa ajili ya picha tu, na mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga kuna watu walikaa njiani na wagonjwa wao.

Siti skani inakata kifua vipande vyembamba kama mkate wa boflo. Inaona povu lenye ukuta mwembamba na lenye ukuta mnene, nyama iliyojificha ndani ya povu, vidonge vidogo vya milimita chache ambavyo eksrei haivioni kabisa, inaona mshipa gani unalisha donge, imegusa ubavu au haijagusa, imeingia kwenye njia ya hewa au hapana. Kwa mapafu hakuna picha inayoifikia.

Lakini ina gharama ya mionzi, kifua cha mtoto kikipigwa vizuri kwa mipangilio ya watoto ni kama milisiveti 2 hadi 3, yaani kama mwaka mzima wa mionzi ya asili kwa mara moja, na kikipigwa kwa mipangilio ya mtu mzima inaweza kuwa maradufu bila picha kuwa bora hata kidogo. Seli za mtoto bado zinagawanyika kwa kasi na ana maisha marefu mbele, kwa hiyo tunahesabu. Si kwamba ukatae, mtoto mwenye donge hatari ya kutopigwa ni kubwa mara nyingi zaidi kuliko hatari ya mionzi, hapo hakuna mjadala kabisa. Ninachosema mimi ni IPIGWE MARA MOJA, IPIGWE SAWASAWA.

Sawasawa maana yake nini. Maana yake kwanza iwe na dawa ya kontrasti, ile inayochomwa kwenye mshipa ili damu ing'ae, mana bila hiyo nyama, maji na pafu lililosinyaa vinachanganyikana tena kama kwenye eksrei na umepoteza hela. Pili ipigwe baada ya dawa kuingia tu, huna haja ya kupiga kabla na baada, kwa kifua cha mtoto hiyo ni kumrudishia mionzi mara mbili kwa jibu lilelile. Kuna mtoto aliwahi kuletwa kwetu na siti skani mbili za sehemu moja, zimepishana wiki moja, ya kwanza haikuwa na dawa kwa sababu hakuna aliyeangalia kipimo cha figo mapema na ilikuwa Ijumaa jioni. Baba yake alikuwa ameuza pikipiki. Sasa ukiandikiwa siti skani, siku hiyohiyo uliza: mtoto anatakiwa kupima kriatinini, kile kipimo cha figo, kwanza? Akae saa ngapi bila kula? Ana mzio wa chochote?

Mashine za sasa kifua kinaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo watoto wengi hatuwapi nusu kaputi. Mbinu yetu ni ya kizamani, mama anamnyonyesha au anampa uji muda ukiruhusu, tunamsokota kwenye shuka mikono ndani, taa tunapunguza, anasinzia, tunapiga. Mjukuu wa bibi tulimpiga hivyo, bibi kavaa ile aproni nzito ya risasi kasimama kichwani kwake anamuimbia kimakonde, na hakushtuka.

Sasa onyo, na hili naomba klinisheni yeyote anayesoma alishike. Kama mtoto hawezi kulala chali, analala ameketi au ameinamia mto, uso umevimba, mishipa ya shingo imetuna, USIMPE dawa ya usingizi ili tu picha itoke. Huyo anaweza kuwa na donge mbele ya kifua linalokandamiza koo la hewa, limfoma, saratani ya tezi, hufanya hivyo, ukimlaza na kumlegeza misuli njia inafunga na huirudishi. Huyo apigwe eksrei ameketi, ultrasaundi ya shingo na kifua ameketi, na rufaa iende haraka na simu itangulie.

Na siti skani pia ina ukomo wake. Povu la PPB aina ya kwanza na povu la kuzaliwa nalo ambalo halina saratani vinafanana mno. Kuna dalili zinazokutisha zaidi, mapovu mengi, pande zote mbili, pafu kupasuka na kutoa hewa, au kwenye ukoo kuna historia. Ukikuta mshipa unatoka moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa mwili kulisha lile eneo, unaegemea kwamba ni la kuzaliwa. Lakini kuegemea si kujua. Jina la ugonjwa linatoka kwenye nyama iliyokatwa ikaenda patholojia, maabara ya kuichunguza kwa hadubini, hakuna mashine inayoweza kuliandika, na ukimsikia mtu anakuambia "siti skani imesema ni saratani" jua kuna hatua imerukwa.

MRI

Hapa naenda haraka kidogo mana kwenye pafu lenyewe MRI, mashine ya sumaku, haina mengi. Inategemea maji yaliyomo mwilini na pafu ni hewa, halafu halitulii, kwa hiyo vidonge vidogo vinapotea. Ni nusu saa hadi saa nzima, kelele kama mtu anagonga bati, mtoto mdogo lazima nusu kaputi kamili na mtu wa usingizi awepo na vifaa vyake vya watoto. Haina mionzi, sawa, lakini usingizi nao ni hatari yake, usidhani umekwepa bila kulipa.

Inashinda wapi? Donge likiwa nyuma kifuani karibu na uti wa mgongo. Hayo mara nyingi si ya pafu, ni ya neva, nyuroblastoma na ndugu zake, na yana tabia ya kupenya katikati ya pingili kuingia kwenye uti. Mtoto aliyekuwa anatembea akaanza kuburuta miguu au amekosa mkojo na ana kivuli nyuma ya moyo, huyo MRI ya uti ni ya dharura. Pia ubongo, kwa mtoto aliyeshathibitika ana PPB aina ya pili au ya tatu, mana inapenda kuhamia huko. Nje ya hapo, mzazi anayeniambia nina hela ya MRI ya kifua, namwambia weka hiyo hela ya nauli.

Kuna na PET, ile wanachoma sukari yenye mionzi halafu kinachokula sukari nyingi kinawaka. Shida ni kwamba kifua kikuu nacho kinawaka, uvimbe wa kawaida wenye moto nao unawaka, na sisi tunaishi kwenye nchi yenye kifua kikuu. Iache kwa madaktari wa saratani, wataiomba wao jina la ugonjwa likishajulikana.

Sasa nani aende wapi

Mtoto mwenye kikohozi na homa kwa mara ya kwanza, ana kivuli, ni eksrei na dawa, basi. Akipona na picha ya pili ni safi sahau habari zote za juu.

Kivuli hakijaondoka, au kimerudi palepale: kabla hujasema uvimbe, pima kifua kikuu sawasawa, makohozi au maji yaliyovutwa kwa mpira kutoka tumboni au hata kinyesi kwenye jini eksipati, mashine ya kutafuta vijidudu vya kifua kikuu, mana watoto wadogo hawajui kutoa makohozi. Halafu uliza habari ya korosho. Nasema kwa uzito kabisa, hii ni Mtwara, mtoto wa miaka 2 anakaa chini wakati watu wazima wanabangua, anapaliwa, anakohoa dakika 5 ananyamaza, kila mtu anasahau, miezi miwili baadaye ana nimonia ya upande mmoja isiyoisha. Korosho na karanga hazionekani kwenye eksrei. Kinachoonekana ni pafu moja limejaa hewa kuliko lingine, hasa ukipiga picha akiwa anatoa pumzi. Huyo hahitaji siti skani ya haraka, anahitaji mtu wa kuingiza kamera kwenye njia ya hewa akaitoe. Na mtoto mkubwa, wa miaka 10 na kuendelea, mwenye hali ileile na anakohoa damu, usiishie kwenye kupaliwa, huyo anaweza kuwa na kinundu ndani ya njia ya hewa, kasinoidi ndo ya kawaida zaidi kwa umri huo, siti skani halafu kamera.

Nusu ya kifua nyeupe, ultrasaundi KABLA ya sindano. Nyama ikionekana, siti skani yenye dawa, na rufaa Muhimbili ianze kuandikwa siku hiyohiyo usisubiri ripoti, mana kule ndo kuna wodi ya saratani za watoto na matibabu yake hayalipiwi, serikali na shirika la Tumaini la Maisha wanabeba. Vipimo vya huku vikikushinda nenda ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, usiondoke getini kimyakimya, na kumbuka sera inasema wa chini ya miaka 5 hatakiwi kulipishwa kwenye vituo vya serikali.

Kichanga mwenye mapovu kwenye pafu hata kama anacheka na kunyonya vizuri, siti skani na daktari wa upasuaji wa watoto, usiambiwe tusubiri akue bila mtu kulifikiria jina la PPB. Na uliza ukoo: kuna aliyeota rovu mapema, binti aliyetolewa uvimbe kwenye ovari, mtoto mwingine aliyefariki na kifua ikasemwa karogwa? Watoto wengi wa PPB, kama 7 kati ya 10, wamezaliwa na hitilafu ya DICER1, na ndugu zao wadogo nao wanatakiwa kuangaliwa mapema kabla hata hawajakohoa.

Kabla ya kupanda gari kutoka Liwale au Nanyumbu au wapi, piga simu kwanza, mashine inafanya kazi leo? Dawa ya kontrasti ipo? Msomaji yupo? Niko ndani ya hii kazi na nakuambia mashine hulala, na hakuna kitu kinaniuma kama kumwambia mama aliyefika saa 11 alfajiri arudi Alhamisi.

Yule mjukuu, ultrasaundi ilionyesha nyama na mapovu yamechanganyika na maji kidogo pembeni. Siti skani ikaonyesha donge limekaa chini kulia, ubavu haujaguswa, pafu la kushoto safi. Tuliongea na Dar kwa simu jioni ileile, nikabandika filamu dirishani nikawatumia kwa WhatsApp wakati sidii inafuata na bibi mwenyewe. Kule wakakata kipande kidogo cha nyama, jibu likarudi PPB aina ya pili, dawa, upasuaji, dawa tena.

Mwezi uliopita bibi alikuja kwa eksrei ya marudio. Mtoto anatembea mwenyewe, kakimbilia kwenye feni. Filamu safari hii hazikuwa kwenye rambo, zilikuwa katikati ya maboksi mawili ya biskuti yaliyonyooshwa na kufungwa kamba ya katani, zimepangwa kwa tarehe, ya zamani chini. Nikaziweka zote kwenye boksi la taa pembeni ya ile mpya, bibi kasimama nyuma yangu, na kabla sijafungua mdomo kanyoosha kidole chini kulia akasema, "Hapa peusi, mwanangu." Palikuwa peusi kweli. Nikamuandikia tarehe ya siti skani ya ufuatiliaji, na kriatinini siku moja kabla.